Rangi ya Oili

Mume wangu alinifundisha gari mwaka uleule macho yake yalipokuwa yanamwishia, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikadhani mapenzi yamerudi. Ninalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia mbele ya safari kwamba alishalijua. Mwenye akili angelijua. Mimi sikulijua, na nilipolijua nilitaka kitu kimoja tu: aniambie mwenyewe, kwa kinywa chake. Zaidi ya hapo sikutaka kitu.

Gari lenyewe nililiita mke mwenza. Lilikuwa jeupe, la milango minne, limezeeka lakini halijajiachia. Kila Jumamosi asubuhi, wakati waume wa wenzangu wamelala au wamekwenda kupiga soga, wangu alikuwa chini ya mke mwenza, miguu imetokeza nje, redio iko dirishani, spana zimepangwa juu ya kitambaa kuanzia ndogo hadi kubwa. Oili alibadilisha mwenyewe. Filta, plagi, breki, maji ya rejeta, vyote mwenyewe. Tangu tulinunue, mkono wa fundi wa gereji haukuwahi kugusa hata nati moja.

"Nati ifungwe na mtu atakayelipanda gari," alikuwa akisema. "Fundi akishafunga anakwenda kula. Mimi nikishafunga naingia ndani na mke wangu."

Barabara ya sokoni kulikuwa na gereji ya fundi mmoja ambaye kila mtu alimwita Spana. Mume wangu alikuwa na neno lake kuhusu gereji ile: gari linaingia kwa Spana linakohoa, linatoka linachechemea. Spana naye, maana maneno hayana kufuli, alikuwa akisema kuna mzee mmoja mtaani anayelala na gari lake. Walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kila mmoja na kicheko chake.

Mimi nilikuwa upande wa gereji. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo karibu na kituo cha polisi, na ninajua maana ya kumwachia fundi kazi yake. "Kila mtu akijisuka mwenyewe, mimi nitakula nini?" nilikuwa nikimwambia. "Peleka gari kwa wenyewe, ukae kwenye kiti kama binadamu, unywe chai, ulichukue limeisha." Alinijibu kwamba kichwa cha mtu hakiteremki mlima, kwa hiyo nisifananishe. Ubishi huo ulikuwa kama chumvi nyumbani kwetu, hatukukosa siku.

Kuna jambo moja ni lazima mlijue kumhusu, la sivyo hamtaelewa nilivyodanganyika. Kabla ya kustaafu alikuwa mchanganya rangi katika kiwanda cha kuchapa. Kopo la wino akiliangalia tu alikuwa anakuambia limepungukiwa na nini. Kwake hapakuwa na nyekundu moja. Kulikuwa na ya damu, ya kutu, ya nyanya mbivu, ya nyanya iliyokaribia kuoza. Nikinunua kitambaa, kabla sijakikunjua vizuri ananiambia, "Hiyo siyo bluu, mama watoto, ina kijani ndani yake." Nilikuwa nakasirika. Nilitamani siku moja tu ninunue kitambaa cha bluu kiwe cha bluu.

Basi Jumamosi moja nilikuwa ninaanua nguo, nikasikia ananiita kutoka chini ya gari.

"Mama watoto, njoo ushike beseni."

Nikadhani ameumia. Nikaenda mbio, kapu la nguo mkononi. Kumbe hakuumia. Alitaka nichuchumae pale ubavuni, nilishike beseni, niangalie oili inavyomwagika.

"Ina rangi gani?" akauliza.

"Nyeusi."

"Nyeusi ipi? Nyeusi ya masizi, au nyeusi ya kahawa?"

Nikacheka. Nilijua ni yaleyale ya kopo la wino. Nikainama, nikatazama vizuri, nikamwambia ni ya kahawa, na pembeni inaelekea kwenye udongo. Akasema, "Vizuri sana. Hiyo ilikuwa bado kidogo kuchoka. Ingekuwa ya masizi ningejua tumechelewa." Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia tangu anioe: "Una jicho zuri."

Nilirudi ndani na kapu langu nikiwa mwepesi kama niliyeshushiwa mzigo. Miaka yote hiyo Jumamosi ilikuwa ya mke mwenza, mimi nikisikia tu milio ya spana kupitia dirisha la jikoni. Kumbe ilihitaji niitwe tu.

Tangu siku hiyo akawa ananiita kila Jumamosi. Alinifundisha kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili, kukifuta, kukirudisha, kukichomoa tena, na kumwambia alama imefika wapi. Alinifundisha kutazama chupa ya maji ya breki, na ncha za plagi kama zina masizi au zimepauka. Yeye alishika, mimi nikasema. Rangi gani, kiasi gani, kuna ufa au hakuna. Na kila nilipojibu alinibana: kijani ipi, nyeupe ya maziwa au ya chaki? Nikawa ninaona rangi ambazo sikuwahi kuziona. Nikisuka mteja naona nywele nyeusi tatu tofauti kwenye kichwa kimoja.

Saluni waliisikia habari hiyo mpaka wakachoka. "Mume wangu ananifundisha gari," nilikuwa nikisema, mkono ukiwa kwenye nywele za mtu. Mteja mmoja akaguna, akasema wake hata rimoti ya televisheni hataki kumfundisha. Tukacheka wote, lakini mimi nilicheka kwa kiburi. Msinilaumu. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa muda mrefu akipata kitu kipya ndani ya nyumba ileile ya zamani, lazima atajigamba.

Nikaanza hata kujipamba. Nani anajipamba kwenda kushika beseni la oili chafu? Mimi. Nilipaka wanja, nikajipulizia manukato, nikafunga kitambaa kizuri kichwani, nikatoka uani saa ya spana kama ninakwenda harusini. Nikimsogelea anainua uso na kusema, "Leo umependeza." Kila mara alisema. Kabla ya hapo kulisikia neno hilo ilikuwa mpaka nimuulize mara mbili.

Na ufunguo akanipa. Kuendesha nilijifunza zamani, leseni ninayo, ila yeye alikuwa haachii usukani. Siku moja akiingiza gari alilikwangua ubavu mzima kwenye nguzo ya geti. Akashuka, akapapasa mkwaruzo kwa kiganja, akasema paka alimkatiza. Paka sikumwona, lakini paka hawaagi. Kesho yake akaniwekea ufunguo mezani, akasema, "Endesha wewe, mimi nimechoka kuwa dereva wa bosi." Nikauchukua kabla hajabadili mawazo.

Mtaniuliza, hukuona? Wewe unayeona mpaka uchumba wa jirani kabla wenyewe hawajaujua? Niliona. Niliona anapita akigusa ukuta, nikasema ni mgongo wa kulala chini ya gari. Niliona gazeti limekaa mapajani halifunuliwi, nikasema ni uvivu wa kustaafu. Nilimwona anamsalimia fundi bomba kwa jina la jirani yetu, nikamcheka. Nilikuwa natoka asubuhi kwenda saluni, narudi jioni, na nyumba ile aliijua kama mfuko wa suruali yake. Mtu akitaka kuamini jambo zuri, ushahidi wa kulipinga haumfiki.

Binti yetu, anayefanya kazi mbali, alikuwa akipiga simu kila wiki. "Baba apumzike sasa. Gari lipelekwe gereji, mama, umri huo si wa kulala chini." Siku moja, kwa sababu na mimi nilikuwa bado upande wa gereji kwa kanuni tu, nikalileta jambo hilo tena mezani. Nilitegemea anijibu kwa utani. Hakunijibu kwa utani.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni. "Kiwanda nimeacha. Usukani nimekupa. Kilichobaki ni hicho. Siku gari hili litakapolala gereji, ujue mimi nimeisha."

Nikamwambia aache maneno ya uchuro. Lakini yaliniingia, na sikuitaja gereji tena.

Ikaja Jumamosi ya oili nyekundu.

Siku iliyotangulia nilichelewa kutoka saluni, nikaingiza gari uani kichwa mbele, nikalizima, nikaenda kulala. Siku zote liliingizwa kinyumenyume, hata na mimi, kama alivyozoea yeye. Sikuona kama ni jambo. Asubuhi akatandika mkeka palepale pa siku zote, kando ya ukuta, akainua gari kwa jeki, akaweka magogo yake ya kuzuia, akajisukuma chini. Mimi nikachuchumaa na wanja langu. Nikasikia nati inalegea, nikasikia inatoka, na kimiminika kikaanza kugonga beseni.

"Haya, mwalimu," nikasema, "uliza."

"Ina rangi gani?"

"Nyekundu!" Nililisema kwa furaha, kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani na kwa mara ya kwanza ana jibu. "Nyekundu safi kabisa. Ya damu, lakini inapitisha mwanga. Nzuri kweli."

Beseni liliendelea kujaa. Redio dirishani ilikuwa inatangaza vifo.

"Umesema?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ya kutu, labda? Angalia vizuri, mama watoto. Ya kutu nyeusi?"

"Kutu wapi? Si unaiona mwenyewe? Iko mbele ya pua yako."

Nikainama ili nimwoneshe. Alikuwa amelala chali, shavu karibu na beseni, macho wazi kabisa. Oili ilikuwa inashuka kama kamba nyekundu, shibiri moja kutoka usoni kwake, na macho yale hayakuifuata. Yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mkono wake ukainuka polepole, kidole kikaenda kikapita pembeni ya ile kamba, kikarudi, kikaigusa. Akakipeleka puani. Akanusa.

Hapo nikajua. Nilijua yote kwa pamoja, nguzo ya geti, gazeti, ufunguo mezani, beseni.

Mimi ni mtu wa kusema. Wateja wangu wanajua, jirani wanajua, na yeye anajua kuliko wote. Lakini neno lile sikulisema. Lilikuwa lake. Kuna vitu mtu akikuficha unamnyang'anya, na kuna vitu unakaa hapohapo ulipochuchumaa unangoja akupe. Nikangoja. Nilikuwa nasema moyoni, sema tu, baba watoto, sema nitakujibu vizuri, leo sitafoka.

"Jua limenipiga machoni," akasema.

Chini ya gari hakuna jua.

"Ni oili ya giaboksi hiyo," akaendelea. "Nimefungua nati siyo yenyewe. Umeegesha kichwa mbele, mimi nimeingia upande wa pili. Nati ya kwanza kutoka huku ni ya giaboksi, ya injini iko mbele zaidi. Nilipaswa kukumbuka." Alisema hivyo, nilipaswa kukumbuka. Hakusema nilipaswa kuona.

Nilimpa nati mkononi. Akairudisha kwa kupapasa, akaifunga, akatoka chini ya gari na kukaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Oili ya giaboksi hatukuwa nayo, na iliyomwagika ilikuwa imeingia mchanga. Gari lisingeweza kuwashwa.

"Mwite Spana," akasema.

Nilimwomba asubiri, nikamwambia nitakwenda kununua oili, tutaijaza wenyewe, kwani kuna haraka gani. Akatikisa kichwa. Akasema kiasi hakijui, na ile nati hana hakika nayo. "Mwite tu." Akaanza kukusanya spana zake kwenye kitambaa, ndogo hadi kubwa, kwa vidole.

Spana alikuja mwenyewe na pikapu na kamba. Alikuwa ameshajiandaa kucheka tangu getini, nikamwona. Tukavutwa barabara nzima mpaka sokoni, mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni yangu amekaa wima na mkanda umefungwa kama anapelekwa mahakamani. Watu tunaowajua walisimama kuangalia. Nilimshukuru Mungu kwamba yeye hawaoni, halafu nikasikia nilichokishukuru, nikauma mdomo.

Gereji ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi wenye paa la mabati upande mmoja. Injini zilizofunguliwa zilikaa juu ya matairi, na kwenye ukuta kulikuwa na fulana za kazi zilizokauka zikasimama zenyewe. Kulikuwa na benchi la wateja, na wateja watatu juu yake. Mume wangu nilimwongoza kwa ujanja. Nilitembea karibu, bega langu likigusa lake, nikisema kwa sauti, "Tukae hapa kwenye benchi, hapa kushoto." Akakaa.

Spana akaingia chini ya gari, akatoka.

"Giaboksi kavu!" akatangaza, maana mafundi wa aina ile hawasemi, wanatangaza. "Nani kafungua hii?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi," nikasema.

Ndipo kicheko cha Spana kikapata pa kutokea. "Mama! Hizi siyo rasta, kwamba ukikosea unafumua!" Benchi zima likacheka. Mmoja alinijua, akaongeza kwamba sasa anaelewa kwa nini mkewe anarudi saluni na kichwa kinamuuma. Spana akafuta machozi kwa kiwiko. "Mzee, umemwachia mama spana? Huyu mpe kitana. Mambo ya gari tuachieni wenyewe."

Nilisimama nikachekwa. Siku nyingine ningewapa maneno yao mpaka watafute mlango. Siku ile nilijifanya ninacheka nao, nikasema, "Ndiyo kujifunza, jamani, nani alizaliwa anajua?" Nilikuwa tayari kuchekwa mpaka jioni, ili mradi yule aliye kwenye benchi asiguswe.

"Siyo yeye."

Mume wangu alikuwa amesimama.

"Siyo yeye," akarudia. "Yeye alishika beseni, na rangi alinitajia sawasawa. Nati nilifungua mimi. Mimi sioni."

"Huoni vizuri, mzee?" Spana akauliza, bado kicheko kiko nusu mdomoni.

"Sioni."

Mmoja kwenye benchi akajifanya anatafuta simu. Spana alivua kofia yake, na nilipomtazama nikaona hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa tu mtu mwenye sauti. Alifanya kazi bila neno. Akaleta oili, akaijaza, akapima, akaingia chini akasafisha nati. Halafu akatoka, akamwendea mume wangu, akamshika mkono kana kwamba wamefanya hivyo miaka yote, akamwongoza mpaka gari lilipoinuliwa.

"Mzee, malizia mwenyewe," akasema. "Si ninyi ndio mnalipanda?"

Akamwekea spana kiganjani, akamwongoza vidole mpaka kwenye nati. Mume wangu akaivuta mara ya mwisho, polepole, mpaka ikakataa. Akabaki ameishika kidogo. Spana akasema, "Pole, mzee wangu," na mume wangu akasema, "Asante, fundi." Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita fundi.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkoba wangu. Ningepaswa kushukuru. Nilikuwa na wivu.

Tuliondoka mimi nikiendesha. Gari lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Nilinyamaza mpaka tulipopita soko, na kwangu mimi hiyo ni safari ndefu.

"Spana," nikasema. "Umemwambia Spana."

"Walikuwa wanakucheka."

"Wangecheka wakachoka! Mimi nimechekwa na watu wakubwa kuliko hao. Miezi yote hii nalala na wewe kitanda kimoja, nakupakulia chakula, nakushikia beseni lako, husemi. Leo unamwambia Spana, mbele ya benchi la watu!"

Nilimwona kwa pembeni anasugua oili iliyobaki kwenye kidole gumba.

"Nilikwenda hospitali ya macho," akasema. "Siku ile nilikuambia nafuatilia mafao. Daktari akasema ni presha ya macho, imenila kidogo kidogo kutoka pembeni. Kilichoondoka hakirudi. Dawa ni ya kuchelewesha tu, nami nilikuwa nimeshachelewa mwenyewe. Sasa imebaki kama tundu la sindano, na hilo tundu lina moshi. Nauona mwanga. Watu nawaona vivuli."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeanza kunishika mkono."

"Kwani kushikwa mkono na mkeo ni ugonjwa?"

"Ungenishika mkono, halafu ungesema acha, nitafanya mimi. Kisha gari lingekwenda gereji, na mimi kwenye kiti. Nilitaka kwanza ujue kila kitu kilipo. Oili, breki, maji. Nilitaka nikikupa, nikupe umeshajua." Akakifuta kidole kwenye suruali. "Na nilikuwa nafurahi ukija. Hilo sikukudanganya."

Hilo lilinivunja kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba nilikuwa jicho lake tu, macho ya kuazima. Nilikuwa na hasira yangu nimeikunja vizuri. Sasa sikujua niiweke wapi.

"Na zile Jumamosi," nikasema, "uliponiambia nimependeza?"

"Nilisikia harufu ya manukato. Nikajua umejipamba."

Nikaendesha. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni umebeba magodoro, nikaufuata nyuma bila kuupita, kwa sababu nilikuwa nataka kuuliza swali na nilikuwa naogopa kulifikisha nyumbani.

"Uliniona lini mara ya mwisho? Uso wangu. Vizuri."

Alijibu bila kufikiri. Nikajua ameshalifikiria siku nyingi.

"Mvua zilipoanza. Nilikuwa nimeingia ndani na viatu, nimekanyaga sakafu uliyopiga deki. Ulitoka chumbani unafoka. Kilemba kimekwenda upande, mkono kiunoni, dekio mkono wa pili. Mwanga wa mlango ulikuwa unakupiga usoni, nikaona mpaka ile mikunjo miwili hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake. "Nikasema moyoni, leo kazi ipo. Nilikuwa najua macho yanakwenda, lakini nilidhani yataaga. Siku iliyofuata nilipoamka moshi ulikuwa umeshafika katikati."

"Ninafoka," nikasema.

"Unafoka."

"Miaka yote tuliyokaa. Nimecheka na wewe, nimekuuguza, nimekuimbia siku ulipostaafu mpaka jirani wakatoka nje. Na uso uliobaki nao ni ule wa kufokea matope?"

"Sikuchagua, mama watoto. Ningejua ndio wa mwisho ningekuambia ugeuke, ucheke kidogo." Akatabasamu kuelekea kioo cha mbele, mahali ambapo alidhani nipo. "Ni uso mzuri tu. Nimeuzoea."

Mkokoteni ulikata kona ukapotea. Barabara ilikuwa wazi. Niliwasha taa ya kuashiria, nikaliweka gari kando chini ya ukuta wa shule, nikavuta breki ya mkono. Nikafuta pua. Nikajitazama kwenye kioo, wanja lilikuwa limeteremka mashavuni, nikalipangusa kwa pindo la nguo, nikaweka kitambaa sawa. Halafu nikafungua mkanda, nikamgeukia, nikausogeza uso wangu mpaka karibu na wake, nikatabasamu. Nilimpa tabasamu lote nililokuwa nalo, la bibi harusi, la siku mtoto alipozaliwa, lote, nikalishikilia hapohapo mpaka midomo ikaanza kunitetemeka.

Alikaa anatazama mbele, mikono kwenye mapaja, anasikiliza injini.

"Mbona tumesimama?" akauliza.